Mihogo ya Immaculée

Mihogo ya mdogo wangu ilioza kijitoni hadi harufu yake ikafika kanisani. Wanawake wa mtaa wetu wa Baraka walipita wakiziba pua, wakaenda kuchota maji juu zaidi, wasiiguse. Kwetu kila mama ana kishimo chake cha kulowekea, amekizungushia mawe, na mkono wa mwingine hauingii humo hata mwenyewe akiwa safarini. Anayeopoa mihogo ya mwenzake huitwa mwizi, au jina baya zaidi. Basi wakanitazama mimi, dada mtu.

Immaculée alikuwa nyumbani, amelala kaugeukia ukuta. Alikuja kwangu kwa miguu kutoka Mboko wakati vita vilipofunga barabara, baada ya kumzika mumewe Roger kando ya njia, bila sanda wala wimbo. Mwanzoni alilima na kutwanga kama sisi sote. Mvua zilipoanza, akazimika. Hakulia, hakuoga, na chakula alikula ukimlisha. Mimi si mtu wa upole, nikamsema: wajane wamejaa Baraka nzima na wote wanaamka, yeye nani? Suzanne, jirani yetu, alisema amerogwa. Wanakwaya wakaja kumwombea, wakaenda zao, naye akabaki vile vile.

Siku niliyoogopa ni ile nilipomkuta Suzanne ameshika kitenge cha Immaculée, kile cha samaki wa buluu alichonunuliwa na Roger.

"Amenipa mwenyewe," Suzanne akasema. "Na sufuria yake amemupa Riziki wa nyumba ya pili. Anasema haviitaji tena."

Nilimwambia akiweke, asikivae, nikaenda moja kwa moja kwa Fabien, muuguzi wa zahanati, ambayo siku zile ilikuwa na kitanda kimoja na chupa tupu.

Fabien alinisikiliza bila kunikatiza. "Mama Émilienne, huyu ni mugonjwa," akasema. "Si muvivu, si bulozi, hakuna muntu alimuroga. Ni ugonjwa wa huzuni, na iko wa namna nyingi. Kuna unaokamata mama akisha kuzaa. Kuna unaoanza na kilio, kilio kinaisha, wenyewe unabaki. Bengine banakuja hapa na tumbo, na kichwa, na mugongo, mi sioni kitu. Bengine banacheka sokoni mupaka jioni, na ndani hakuna muntu. Na unaweza kuondoka, halafu urudi."

"Dawa?"

"Dawa zake hazijafika tangu barabara ifungwe. Nitapita kumuona kila nikiweza. Lakini muntu anayegawa vitu vyake, musimwache peke yake. Mumuulize wazi kama anataka kufa. Kumuuliza si kumufundisha kufa. Na mumurudishie kazi kidogo kidogo, bila kumugombeza."

Alinitazama aliposema neno hilo la mwisho. Nyumba zetu zina kuta nyembamba.

Nilirudi nikaketi mkekani, mgongo wangu ukiugusa wake, nikamuuliza kama nilivyoambiwa.

"Sitaki kufa, yaya," akasema. Hakuwa ameniita yaya, dada mkubwa, tangu mvua zianze. "Sitaki tu kesho ifike."

Nililia mimi, niliyekuwa nawacheka wanaolia. Kisha nikafuta uso na kumwambia, "Kesho niachie mimi. Wewe na mimi tushike hii leo."

Kuanzia hapo hakukaa peke yake. Suzanne alikuja kuchambulia maharage yake miguuni pake, Riziki alimsuka nywele, na asubuhi ilikuwa zamu yangu. Nilimpeleka kijitoni. Mara ya kwanza aliketi ukingoni tu, akatazama maji, tukarudi. Nilitamani kumkemea, nikajiuma ulimi. Mara nyingine alimenya muhogo mmoja, kisu kikamtoka mkononi. Kuna asubuhi bunduki zililia vilimani na hatukutoka. Kuna nyingine hakuinuka kabisa, nami nikaketi naye, maana nilishaambiwa kwamba ugonjwa huu hurudi. Ile mihogo iliyooza sikuigusa. Ningeweza kuitupa kwa dakika moja, lakini ilikuwa yake.

Mwishowe akaingia majini mwenyewe. Aliitoa mihogo mibovu kwa viganja, akiitupa mbali, na katikati ya kazi hiyo akamwita Roger kwa jina na kulia kwa sauti. Wanawake waliokuwa wakifua wakasimama. Suzanne alitaka kumnyamazisha, nikamshika mkono. Immaculée alipomaliza alikisafisha kishimo, akayapanga mawe upya, tukaloweka mihogo mingine.

Asubuhi moja mitumbwi ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, ilikuwa ikirudi, nami nilikuwa na haraka ya kwenda kuanika. Nikainama juu ya kishimo chake nione kama mihogo imelainika. Immaculée akanishika kifundo cha mkono na kukisogeza pembeni. Akazamisha mkono wake, akautoa muhogo, akaubonyeza kwa kidole gumba.

"Ingali ngumu," akasema, akaurudisha majini. "Hii ni ya kesho."

Niliogopa kulitikisa neno hilo la kesho. Tulipanda pamoja hadi nyumbani, na nilipomwona ameketi kuwasha moto, nikapita kwa Suzanne kuomba kile kitenge, nimrudishie mwenyewe. Alikitoa chini ya nguo zake, kikiwa bado na mikunjo ile ile aliyokipokea nayo, akanipa bila kuuliza.