Pato Wewe

Wiki nzima Rodah hakuwa mtu wa kuongeleshwa jambo lingine. Kwenye shamba lake dogo la chai juu ya Kapsoit alichuma ovyo, akaacha machipukizi mazuri nyuma yake, na katika kituo cha kupimia majani alimsimulia kila aliyesimama kwenye foleni habari ile ile: Jumamosi filamu ya marehemu mume wake itaonyeshwa upya katika ukumbi wa kanisa, na yeye na binti yake Chepkorir wamewekewa viti vya mbele.

Hakuna aliyeuliza filamu gani. Zamani wazungu walipiga kambi huku wakatengeneza picha ya watoto ambamo wanamichezo wa kweli, watu wa nyama na jasho, walishindana na wanyama wa katuni. Kulikuwa na mwogeleaji, kulikuwa na bondia, na kulikuwa na Joel Terer wa Kapsoit, mkimbiaji wa kuruka viunzi na maji, mume wa Rodah. Mpinzani wake alikuwa sungura wa kuchorwa, amevaa kaptura nyekundu na amejaa kiburi mpaka kwenye masikio. Kila mwanamichezo aliambiwa aongee lugha anayoitaka. Terer angeweza kuongea Kipsigis na asilaumiwe na mtu, lakini alichagua Kiswahili. Alisema anataka Kenya nzima imwelewe.

Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani. Huku kwetu b hugeuka p ikitaka, d ikawa t, na hakuna anayekosa usingizi kwa hilo. Basi sungura alipojaribu kumpita kwenye dimbwi la mwisho, Terer aligeuza shingo akamwambia kile ambacho vitabuni kingekuwa "bado wewe". Alisema, "Pato wewe!" Maneno hayo mawili yalienea kutoka Kapsoit hadi Sigor. Mtoto akinyoosha mkono kwenye nyama kabla ya wageni: pato wewe. Kijana akitaka kuoa na hana hata mbuzi: pato wewe. Hata mchungaji aliyatumia mimbarini, akiwaambia waliodhani wameshafika mbinguni.

Terer alikufa kwa ajali ya barabarani Chepkorir akiwa bado ananyonya. Kanda ya filamu waliyokuwa nayo ilitafunwa na mashine ya jirani, na kwenye mtandao ilipatikana ya Kijerumani tu. Kwa hiyo msichana alikuwa amemwona baba yake ukutani, ndani ya fremu, lakini hakuwahi kumsikia.

Pengine hilo lingeweza kungoja, kama si habari ya bendera. Mwaka huu Chepkorir, mwenye akili za kumtosha na za kuwagawia wengine, alihamia shule ya mjini Kericho. Siku ya gwaride alipewa kazi ya kutangaza bendera ipandishwe, na mbele ya shule nzima akasema "pendera". Uwanja ulilipuka kwa kicheko, mwalimu wa zamu akiwa mmoja wao, aibu yake. Tangu siku hiyo jina lake likawa Pendera, na mtoto akafunga mdomo. Mwalimu akiuliza swali, anainama hata kama jibu analo. Nyumbani nako alianza kukwepa maneno kama mtu anayekwepa matope. Badala ya kusema debe, anasema "ile ya kuchotea maji". Rodah aliliona hilo, na lilimuuma kuliko matusi ambayo angetukanwa yeye mwenyewe.

"Papa yako aliongea hivyo hivyo unaongea," alimwambia Ijumaa jikoni. "Na watu walikata tiketi. Kesho utamsikia na masikio yako, alafu urudi hiyo shule ukiwa umeinua kichwa."

"Kama mimi?" Chepkorir aliuliza.

"Kama wewe kapisa. Mungu ananisikia."

Kiapo hicho alikila bila wasiwasi wowote. Angekuwaje na wasiwasi juu ya sauti ya mume wake?

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye vizingiti. Madirisha yalizibwa kwa blanketi ili kuwe na giza. Jirani yao Jerusa, aliyetoka upande wa ziwa zamani kufanya kazi katika kiwanda cha chai, aliketi nyuma yao na njugu zake kwenye karatasi. Kijana wa kampuni kutoka Nairobi, suti ya buluu na viatu vyenye ncha, alisimama mbele akasema filamu imesafishwa, rangi zimerudi, na sasa ni ya Kiswahili mwanzo mwisho ili watoto wetu waifurahie. Watu walipiga makofi. Rodah naye alipiga, tena kwa nguvu.

Taa zikazimwa. Wanyama wakacheza, bondia akaangushwa na kobe, watoto wakavunjika mbavu. Halafu Terer akatokea kwenye kitambaa cheupe, mzima, kijana, anavuta soksi juu kama alivyokuwa akizivuta kitandani kila asubuhi.

"Ni yeye?"

"Ni yeye," Rodah alisema.

Mbio zikaanza. Walipokaribia dimbwi la mwisho, watu wazima wote walivuta pumzi, maana kila mmoja alijua kazi yake. Sungura akachomoka. Terer akageuza shingo, akafungua mdomo, na ukumbi mzima ukapiga kelele: "Pato wewe!"

Juu ya kelele hizo, kutoka kwenye spika, sauti nene ya kusomea taarifa ya habari ikasema, "Ungali mbali, ewe sungura!"

Kelele zilikatika. Watu walitazamana gizani. Mtu mmoja nyuma akacheka, wengine wakamfuata, kicheko cha watu waliomsalimu mtu wakagundua si yeye. Kwenye kitambaa Terer aliendelea kusema, midomo ikienda huku na maneno yakienda kule, Kiswahili kilichopigwa pasi hadi kikakosa hata kunyanzi moja.

Chepkorir alitoa mkono wake kwenye mkono wa mama yake.

"Mama, hajakosea hata mara moja."

"Hiyo sauti si yake. Wameitoa."

"Kwa nini waitoe?"

Rodah alilijua jibu. Jibu ni lile lile lililocheka uwanjani siku ya gwaride, na hakuweza kumwambia mtoto wake. 

"Ulisema ni kama mimi," Chepkorir alisema, akageuza uso.

Filamu ilipokwisha Rodah alimwendea yule kijana. "Muulize, mama," Jerusa alimsukuma kwa nyuma. "Usiogope suti."

"Chamgei mising," kijana alisalimu kwanza kwa Kipsigis, akimshika mkono kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Kumbe ni mtoto wa Kipkelion, Ngeno kwa jina.

"Sauti ya pwana yangu iko wapi?"

"Mama, pole. Ile accent ya zamani, hao wenye pesa walisema watoto wa Mombasa na Dar hawataelewa. Walitaka Kiswahili sanifu. Ile original hata sisi hatukupewa." Kisha macho yake yakang'aa. "Lakini nikasema huyu ni mtu wetu, asipewe mtu wa mbali. Nikaomba mimi. Hiyo sauti umesikia ni yangu, mama."

Rodah alitaka kumzaba kofi. Kilichomzuia ni kwamba kijana alikuwa akingoja kushukuriwa.

"Wewe umezaliwa hapa, na hukuona haya?"

"Nilikuwa nashrub kuliko nyinyi wote, kila b kwangu ni p. Shuleni walinicheka mpaka nikalia. Nikajifunza."

"Ulijifunza aje?"

Aliyeuliza ni Chepkorir. Tangu habari ya bendera hakuwa ameuliza swali mbele ya watu, na sasa alisimama kati yao, shingo ndefu, macho yamemkazia Ngeno.

"Chepkorir, twende nyumbani."

"Mama, nataka kusikia."

Ngeno alichuchumaa mbele yake, amefurahi. "Ni rahisi. Usitoe upepo tu. Weka vidole hapa kooni, usikie ikitetemeka. Sema: baba."

"Papa."

"Hapana, huo ni upepo. Tena."

"Achana na mtoto wangu," Rodah alisema, lakini alisema polepole mno, na hakuna aliyemsikia. Chepkorir alibana vidole kooni. Alifumba macho, akayafumbua, akamtazama kijana usoni.

"Baba," akasema, safi kabisa.

"Naam!" Ngeno akaitika akicheka, kwa sauti ile ile ya kwenye filamu.