Betri Iliyopewa Moto

Jumanne, tarehe 17 Agosti 1971, ndiyo siku mambo yangu yalipoharibika, na hayajatengenezeka tena. Asubuhi hiyo mke wangu Persis alikuwa anachuma chai katika shamba letu hapa Gesima, mimi nikiwa mstari wa pili. Kila siku alikuwa ananitangulia na kunicheka kwamba mikono yangu ni ya kuchungia ng'ombe. Siku hiyo akaweka kikapu chini, akashika tumbo.

"Nyangau," akasema, "leo umenishinda. Njoo unishike mkono."

Tumbo lilianza kuvimba tukiwa bado njiani kwenda zahanati. Sista Jemimah, muuguzi wetu, akamlaza kitandani, akaligonga lile tumbo kwa vidole, nalo likalia kama debe tupu. Akanivuta nje.

"Utumbo umejisokota. Mimi hapa nina dawa ya minyoo na ya malaria. Huyu ni wa kupasuliwa Kisii."

"Kesho asubuhi kuna basi."

"Sikusema kesho. Nimesema Kisii, leo."

Nisidanganye, moyo wangu haukushtuka sana wakati ule. Nilijua gari tunalo. Tulikuwa na Landrova ya wagonjwa, tuliyoinunua kwa harambee. Kila boma lilitoa kitu. Persis alitoa kuku wake wa mayai, akabaki na jogoo. Gari lilikuwa nyuma ya hiyo hiyo zahanati, ndani ya banda la mabati, limefungiwa kwa kufuli tangu Januari.

Kwa nini lilifungiwa? Kamati ilisema gari halitaguswa mpaka mheshimiwa aje kutoka Nairobi akate utepe. Mheshimiwa akasema Februari. Halafu akasema Pasaka. Halafu akasema tungoje bajeti ipite. Mvua ikanyesha, mahindi yakavunwa, na wagonjwa wa Gesima wakaendelea kubebwa kwa machela, wakipitishwa mbele ya banda hilo hilo. Watu wa sokoni wakalipa jina la Bibi Arusi, kwa sababu lilikaa ndani limepambwa, likimngoja bwana ambaye haji.

Nilikimbia kwa Abner. Huyu ndiye kamati ilimwandika kuwa dereva, kisha ikamrudisha nyumbani angoje siku ya utepe kama sisi wengine. Nilimkuta anapasua kuni. Nilipomweleza hakuuliza maneno mengi. Alikuja na shoka lake mkononi.

"Kufuli?" nikamuuliza.

"Kufuli nalivunja mimi. Kesi nitajibu mimi."

Akalivunja. Gari lilikuwa zuri, nasema kweli, vumbi tu juu yake. Abner akafunua boneti, akasimama akitazama. Pale betri inapokaa palikuwa patupu. Waya mbili zilikuwa zinaning'inia tu.

"Wameiba," nikasema.

"Hapana. Mwizi angekata waya. Hizi zimefunguliwa kwa spana." Akafuta mikono kwa suruali. "Mimi nilimwambia Omwenga mwezi wa pili kwamba gari likikaa bila kuwashwa betri inakufa pole pole, hata kama hakuna mtu anayeitumia. Akaniambia nisimfundishe kazi, yeye atakwenda kumuuliza fundi mwenyewe mjini."

Omwenga ndiye mwenyekiti wa kamati. Ni mtu wa kuvaa suti hata akienda kukagua mtaro. Tulimkuta kwake anakunywa chai, na kabla hatujasalimu alikuwa amekwisha pata habari za kufuli.

"Nani amewapa ruhusa ya kuvunja mali ya umma?"

"Mwenyekiti, Persis ana hali mbaya. Betri iko wapi?"

"Betri iko salama." Akaweka kikombe chini, akaanza kuhesabu kwa vidole kama mtu anayehutubia. "Mimi si mtu wa kubahatisha. Nilipanda basi nikaenda Kisii kwa fundi Yakub. Nikamuuliza, gari likikaa muda mrefu, betri tuifanye nini? Akasema itolewe. Nimeitoa. Iwekwe mahali pakavu. Nimeiweka. Isikae kwa sakafu, ikae juu ya ubao. Iko juu ya ubao. Na isikose moto. Haijakosa moto hata siku moja. Nendeni jikoni kwa mama mchukue."

Niliona uso wa Abner ukibadilika. Mimi nilikuwa bado sijaelewa.

Jikoni kwa mong'ina Nyamoita, mama yake mwenyekiti, mlikuwa na moshi mwingi. Kando ya mafiga, mahali paka analala, palikuwa na ubao, na juu ya ubao ile betri, imefunikwa gunia kama mtoto aliyelala.

"Mmekuja kumchukua?" bibi akauliza. "Haya. Nimemlea vizuri. Kila siku nilikuwa ninamgeuza, asiungue upande mmoja. Zamani alikuwa anatoa jasho, jasho kali, likanitoboa shuka. Sasa amepona, hatoi tena."

Abner akapiga magoti, akafunua gunia. Ile lami nyeusi ya juu ilikuwa imeyeyuka na kuganda tena kama ugali uliofurika. Ubavu mmoja ulikuwa umepinda. Akaiinua, akaitikisa karibu na sikio. Haikusema kitu.

Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni. Abner akamuuliza bila kumgeukia, "Mzee, huu ni moto gani?"

"Moto ni moto. Wewe mawe ya tochi yakilegea huyaweki karibu na moto?"

Hapo nami nikaelewa. Ni kweli, mawe ya tochi, zile betri ndogo, tunayaweka. Nyumba zote hapa kwetu, redio ikianza kulia kama mbu, unatoa mawe yake unayaanika juani au unayasogeza kwa mafiga, na jioni redio inaimba tena kidogo. Hata mimi ninafanya hivyo. Kwa lugha yetu tukisema *omorero*, ni huo huo moto wa kupikia na kuota. Lakini mimi ni mtu wa darasa la tatu na tochi yangu ni yangu. Hakuna aliyenichagua nitunze gari la wagonjwa.

"Tuweke maji," nikasema. "Betri si inatiwa maji?"

"Momura ominto, ndugu yangu, hii imekufa."

"Tuweke maji, Abner."

Akaniangalia, akaona hatanishinda. Bibi akaleta maji katika kibuyu. Tukamimina juu, yakatoka chini, yakaingia kwenye majivu. Yule bibi akaanza kulia. Yeye simlaumu. Aliambiwa na mwanawe mkubwa mwenye cheo, naye akafanya kama alivyoambiwa, tena kwa moyo.

Tuliporudi zahanati, Persis alikuwa anatapika maji ya kijani. Sista Jemimah hakuuliza kuhusu gari. Alitazama mikono yetu mitupu. Basi la asubuhi lilikuwa limekwisha pita. Lori la kiwanda cha chai lilikuwa halina zamu ya kwetu siku hiyo. Nikamshika Abner shati.

"Hakuna njia nyingine ya kuwasha gari?"

Akafikiri. "Gari la petroli bila betri halina cheche. Lakini likishuka mlima kwa kasi, labda dinamo itatoa kidogo. Labda. Mimi sijawahi kuona."

Mimi nilisikia "itatoa" tu. Ile "labda" niliiacha hapo hapo.

Vijana wa sokoni wakaja kusukuma. Tukamlaza Persis nyuma juu ya blanketi, ili likiwaka lisisimame tena mpaka Kisii. Utepe mwekundu ulikuwa bado umefungwa mbele, kutoka kioo cha huku mpaka kioo cha huku. Abner akaukata kwa shoka apate kuona njia. Mwenyekiti alikuwa amefika.

"Mmekata utepe," akasema. Neno lake la kwanza lilikuwa hilo. Halafu akaona Persis mle ndani, akarudi nyuma.

Persis alicheka. Alikuwa na jasho usoni na midomo imekauka, na bado alicheka. "Mwenyekiti, unisamehe. Nimemtangulia mheshimiwa."

Tukasukuma. Mteremko wa kwenda mtoni ni mkali, kila mtu wa Gesima anaujua. Gari likapata kasi, tukaliacha, nikalifuata nikikimbia na kuanguka na kuinuka. Huko chini Abner akaachia kilachi. Gari likaruka, likakohoa mara moja. Nililisikia kwa masikio yangu, lilikohoa. Vijana wakashangilia. Kisha halikukohoa tena. Likateleza mpaka kwenye tope kando ya mto, likakaa.

Nilipofika, Abner alikuwa amekaa kwenye madigadi, ameshika kichwa. Persis akauliza kutoka ndani, "Tumefika wapi?"

Nikamwambia tumeshuka vizuri.

Sasa tulikuwa chini kabisa, na gari halina mtu wa kulipandisha. Tukamtoa, tukamweka kwenye machela ile ile ya kila siku, tukaanza kupanda upande wa pili kwenda kuitafuta barabara ya Keroka, labda tukute gari lolote. Kama tungeanza na machela tangu asubuhi, tungekuwa mbali. Tulikwenda kwa mwenyekiti, tukaingia jikoni, tukarudi, tukasukuma, na saa zote hizo tumbo lake lilikuwa linafanya kazi yake. Mvua ya mchana ikatupata mlimani. Tuliobeba tulikuwa wanne, tukipokezana na wengine, na miguu inarudi nyuma kwenye udongo mwekundu kama watu wanaocheza.

"Barabara bado?" Persis akaniuliza.

"Tumekaribia."

Hatukuwa tumekaribia. Hakuniuliza tena. Tulipomweka chini kwenye miti ya mikaratusi ili tubadilishane mabega, Sista Jemimah, aliyekuja nasi tangu zahanati, akamshika shingo, akakaa ameishika muda mrefu. Halafu akamfunika uso kwa kanga.

Baada ya mazishi nilikwenda Kisii kumtafuta huyo Yakub. Nilibeba fimbo, na sikuibeba ya kutembelea. Gereji yake iko nyuma ya maduka, mahali Waislamu wengi wanafanyia biashara. Nilimkuta ni mzee mwembamba mwenye kofia, akaninyooshea mkono kabla sijajitaja. Nilipomaliza kueleza aliweka spana chini, akasema maneno ya dini yake ya kuomboleza, akanipa kigoda.

"Ndugu yangu, mimi nilimwambia betri isikose moto. Moto wa umeme. Njoo utazame."

Akanionyesha betri tatu juu ya ubao, zimefungwa waya zinazotoka kwenye sanduku ukutani. Zilikuwa zinachemka ndani polepole, kama uji.

"Huu ndio moto wa betri. Betri hata ukiivua kwenye gari inapungua yenyewe. Ikibaki tupu, vibao vya ndani vinashika unga mweupe, basi, haiamki tena. Ndiyo maana nilisema kila mwezi mniletee, nitazame maji, niipige moto, nipake vichwa vyake grisi, mwende nayo. Kila mwezi, nilimwambia."

"Na yeye alisema nini?"

"Alisema ndiyo. Kila neno, ndiyo. Akasikia moto, akaona keshamaliza."

"Kwa nini hukumuuliza amesikia moto gani?"

Yakub alifuta mikono kwa kitambaa. "Hapa mjini sote tunasema hivyo," akasema. "Na mtu amekuja na suti yake na kalamu mfukoni. Nimuulize kama anajua moto? Angeona ninamtukana."

Fimbo nilirudi nayo bila kuitumia. Mpaka leo najuta kidogo.

Septemba kamati iliita mkutano kwenye uwanja wa zahanati. Gari lilikuwa limevutwa na trekta kutoka mtoni, limeoshwa, na Yakub mwenyewe alikuwa amekuja kulifunga betri mpya. Abner akaliwasha. Liliwaka mara ya kwanza, na watu wakapiga makofi. Mimi sikuweza kuitazama ile sehemu ya nyuma.

Mwenyekiti akasimama. Akasema msiba wa Persis ulituumiza wote, na kwamba ulitokana na bahati mbaya ya lugha. Akasema kamati imejifunza. Kuanzia sasa betri itatolewa kila mwezi, itapelekwa Kisii kwa fundi, itapigwa moto ule wa haki, irudishwe. Watu wakaitikia. Halafu akasema habari njema: mheshimiwa ameahidi Desemba. Utepe mpya umekwisha nunuliwa. Mpaka hapo gari litarudi bandani, na kufuli jipya ni kubwa kuliko lile la kwanza.

Nilidhani sikusikia sawasawa. Nikamtazama Abner, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Sista Jemimah aliingia ndani akafunga mlango.

Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akajifanya haoni, lakini watu wakaanza kusema, "Mpeni nafasi, mpeni nafasi," mpaka akanipa.

Sikutukana mtu. Nilisema wao ndio wenye ufunguo, wenye kalamu na wenye kujua kusema na mafundi, mimi ni mtu mjinga, basi wanisaidie kuelewa kitu kimoja tu. Mwenyekiti alimtazama karani, karani akatazama karatasi, wakaenda kwa ajenda nyingine. Desemba hiyo mheshimiwa hakuja. Sasa ni mwaka wa sabini na nne, gari bado limefungiwa, na nimewauliza tena katika kila mkutano, kwa maneno yale yale:

Huyo mgonjwa wa Gesima, ninyi mnataka augue lini?