Jiwe Lililopakwa Mtindi

"Jiwe la zamani halipakwi mtindi, Ambrose. Unanidanganya."

Ambrose Tarrant akarudia kwamba jiwe ni lilelile, fundi amelisafisha tu. Dada yake Philippa alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi mbichi, akinusa kaburi la ukoo wao kama paka aliyewekewa samaki wa jana.

Kaburi lenyewe lilikuwa sanduku la jiwe la miaka mia tatu, mbele yake pana bamba lililochongwa watoto wawili wenye mabawa, mmoja analia, mwingine anasinzia. Bamba hilo lililegezwa na barafu. Ambrose, mzee wa kanisa, akalipeleka kwa fundi, na asubuhi hiyo lilikuwa limerudishwa. Kilichobaki ni Philippa kutia saini kwa niaba ya ukoo kwamba kazi imekwisha.

Lakini kijijini hapo kila mtu anajua mtindi ni wa nini. Hupakwa jiwe jipya ili liote kuvu upesi, upya wake usionekane.

"Tangu ustaafu uuguzi, dada, unatafuta wagonjwa mpaka makaburini," alisema Ambrose.

"Na leo nimempata."

Akagusa chokaa ya pembeni. Ilikuwa bado laini. Alikuwa na sepeto ndogo aliyokuja nayo kung'olea magugu. Akaichomeka kwenye ufa na kubinya. Bamba likainama mbele kidogo, akapitisha mkono nyuma. Mafundi wa kale hawakuhangaika na upande usioonekana, waliuacha na makovu ya patasi. Huku nyuma palikuwa laini kama meza. Jiwe lililokatwa kwa msumeno wa mashine.

Ambrose akavua kofia. Akakiri kwamba hii ni nakala, lakini kwa nia njema: wezi walikwisha kubeba mabamba mawili parokia ya jirani, ndiyo maana akalificha la asili ghalani kwake. Hakutaka maneno yasambae.

Philippa alikaribia kumwamini. Wizi huo ulikuwa wa kweli.

"Sawa. Washa gari, nikalione."

Ambrose akasema ghala limejaa maji. Tena ufunguo anao mpangaji. Tena mke wake ana wageni, labda Jumatatu.

Philippa ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Alijua kwamba Ambrose akisema kweli hutoa sababu moja tu.

"Umemuuzia nani?"

Ambrose akasema kwa sauti ndogo kwamba wao ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba waliolala humo hawajui kitu.

Philippa akalirudisha bamba mahali pake, akafuta mkono kwenye sketi, akatoa simu. Polisi walipopokea, alitaja jina la Ambrose na anwani yake polepole, waandike vizuri.