Kiti cha Muonjaji

Kwenye kiwanda kile cha mikate, Kipande peke yake ndiye aliyekuwa na kiti. Wenzake walisimama mbele ya tanuri mpaka miguu ikavimba. Yeye, magoti yalipomgomea, alipewa kazi ya kuonja. Kila trei ikitoka, kipande kimoja kinywani. Jina likamganda hapo.

Sasa sukari ilikuwa imempanda, daktari kampa dawa na kumwambia apunguze ngano. Apunguze ngano! Na kiti je? Siri hiyo alimwambia wifi yake tu, na kumwambia wifi yake ni sawa na kupiga mbiu.

"Kuna vidonge vya kuzuia wanga," wifi alimletea kichupa. "Unameza kabla ya kula, wanga unapita zake kama mgeni asiyekaribishwa."

Kweli vilimfaa kidogo. Gauni likaanza kupumua. Lakini wanga usiosagwa haukai tumboni kimya. Tumbo likanguruma, hewa ikatafuta njia, na chumba cha tanuri hakina dirisha.

"Jamani, hamira ya nani imechacha?" mkandaji akauliza.

"Ya tanuri la pili," mwingine akadakia, "lile lililokalia kiti."

Wakacheka mpaka wakashika meza. Kipande naye akacheka. Angefanya nini?

Aliporudi kliniki, sukari ilikuwa palepale, kama mpangaji mkaidi. Nesi akakiona kichupa mkobani, akamuuliza anavimezaje vile vidonge.

"Asubuhi, kabla ya trei ya kwanza."

"Na trei ya mwisho?"

"Jioni."

"Mama yangu, kidonge cha asubuhi ni cha mlo wa asubuhi. Mlo wako wewe hauna mwisho! Na keki unaonja?"

"Ndiyo kazi."

"Sukari ya keki vidonge hivi haviigusi kabisa. Daktari anajua unavichanganya na dawa zake?"

"Hajui."

Kesho yake kazini alimwita yule mkandaji mwenye mdomo. "Njoo ukae. Ulimi wako mkali kwa watu, tuuone kwa mkate."

Mkandaji akakaa nusu kiti, akatafuna. "Chumvi imepungua."

Kweli ilikuwa imepungua. Kipande akajifunga aproni, akazamisha ngumi kwenye donge la unga. Magoti yalianza kulalamika kabla trei ya pili haijatoka.

"Shoga, nikuletee ndoo uikalie?" mkandaji akauliza kutoka kitini.

"Ndoo fupi, meza ndefu."

"Sasa?"

"Lete mbili, tuzipandanishe."