Wasimamizi wa Tres Acequias

Viti vilikuwa vimepangwa tangu mchana na birika la kahawa limejaa. Mpaka jua linazama nyuma ya mashamba ya mizabibu, alikuwa amefika mzazi mmoja tu. Huyo alikuwa Abundio Zaragoza, anayemwagilia mashamba ya watu, na hata kukaa alikataa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwalimu, mwanangu kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, Don Abundio. Ni mkutano wa wazazi tu."

"Kama hajafanya kitu, Mungu ashukuriwe," akasema, akavaa kofia yake na kwenda zake.

Nereida Quiroga akabaki na viti vyake. Alikuwa kaimu mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Tres Acequias, kule kwenye bonde la California ambako karibu kila mtoto darasani ana bibi upande wa Meksiko. Tangu shule ijengwe, watoto hao hawajaona mtu wa kwao akikalia kiti cha mkuu. Alhamisi ya wiki iliyofuata bodi ya elimu ingeamua: ama Nereida athibitishwe, ama aletwe bwana mmoja kutoka mjini. Mwenyekiti wa bodi, Bwana Brandvold, hakumficha kitu. "Kazi yako naipenda," alimwambia. "Lakini wazazi wa wanafunzi wako hawakanyagi shuleni. Hawajali. Nitasemaje kwamba jamii iko nyuma yako?"

Brandvold hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Nereida zaidi. Mtu mbaya unamjibu, kisha unakwenda kulala.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake. Eufrasia alikuwa jikoni, akipaka kinyunya cha mahindi kwenye maganda ya kufungia tamale, mikate yao ya kupikwa kwa mvuke. Nereida akautupa mkoba mezani.

"Nimewaandikia barua nzuri, kwa Kihispania, na muhuri juu. Hakuna aliyekuja. Labda Brandvold kasema kweli."

"Nawa mikono unisaidie."

"Sikuja kupika, Mama. Na wewe ni walewale. Miaka yote niliyosoma hukufika shuleni hata siku moja. Wenzangu mama zao walikuwa wanakaa mbele. Mimi nilikuwa naangalia mlango."

Kijiko kikasimama.

"Mwalimu hakuniita," Eufrasia akasema.

"Barua zilikuja. Mimi mwenyewe nilikusomea."

"Hata bili ya umeme inakuja kwa barua. Mtu akikutaka kwake, anakuja kupiga hodi, anakwambia uso kwa uso. Nimvamie mwalimu kazini, nimfundishe kazi yake? Yule mama nilimheshimu kuliko padri. Kila asubuhi nilikupigia pasi nguo, nikakukabidhi kwake, nikangoja aniite. Basi, hakuniita." Akachukua ganda jingine. "Ulipotimiza miaka kumi na tano, wale wasimamizi wako tuliwapata kwa barua?"

Hawakuwapata kwa barua. Binti wa kwao akitimiza umri huo, familia moja hubeba keki, nyingine viatu, nyingine muziki, na kila mmoja huitwa msimamizi wa kitu chake. Huombwa nyumbani kwake, kwa mkate mtamu, na akishakubali amekuwa ndugu mpaka kufa. Nereida aliyajua hayo yote tangu utotoni. Ila alisoma sana, akajifunza kuendesha shule, na katika kujifunza huko akawaita watu wake kama wanavyoitwa wageni. Aliona aibu. Akanawa mikono, akaanza kukunja tamale.

Kesho yake alipita kwa mwoka mikate. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Maclovia Tinajero, mwanamke wa ghala la mapichi ambaye hata wakubwa wake wa kazi humwogopa.

"Mikate yote hiyo, Mwalimu? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuomba uwe msimamizi wa maktaba."

"Mimi? Niliyeishia darasa la tatu?"

"Sikuombi usome vitabu vyote, Doña Maclovia. Nataka watoto wajue maktaba yao ina mwenyewe."

Maclovia akaitazama mikate, kisha akamtazama yeye. "Unajua jambo hili halikataliwi."

"Ndiyo maana nimelileta."

"Mjanja wewe. Ingia ndani, usisimame hapo kama mwuza sabuni."

Abundio alipewa bustani ya shule. Mwingine akapewa kengele, mwingine mahafali. Jioni baada ya jioni Nereida aligonga milango, akanywa kahawa asiyoihitaji, akasikiliza habari za magoti na wajukuu. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama yake. Ufunguo alikuwa nao mfukoni, lakini alipiga hodi.

"Umepoteza ufunguo?"

"Hapana, Mama. Nimekuja kukualika shuleni."

Eufrasia alipokea mkate kwa mikono miwili.

Alhamisi ukumbi wa bodi ulifurika, na wengine wakasimama ukutani na kofia zao za Jumapili. Mkalimani wa bodi, wa kugeuza Kihispania kuwa Kiingereza, hakutokea. Brandvold akamtazama Nereida, naye akainuka. Tangu akiwa mdogo alikuwa akiwatafsiria wakubwa benki na hospitali, kama watoto wote wa huko.

"Mimi ni msimamizi wa bustani," alisema Abundio. "Aliyenipa heshima hiyo ni huyu. Mkimleta mwingine, bustani sitaiacha. Lakini huyo bwana hanijui, na mlango wangu haujui."

Nereida akatafsiri, macho chini. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, na Brandvold akaacha kuangalia saa. Mwishowe akainuka mwanamke mzee aliyevaa gauni la kanisani.

"Karibu, mama," alisema Brandvold kwa upole. "Una mtoto katika shule hii?"

Eufrasia akajibu kwa sauti ya kawaida. Nereida akafumbua mdomo kutafsiri, akakwama. Mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya anayesema.

"Ninaye mtoto shuleni," alisema hatimaye. "Ni huyu anayewatafsiria. Nilingoja miaka mingi niitwe. Yeye ndiye aliyeniita."

Kura za kumthibitisha zilipopigwa, mkono wa Brandvold uliinuka wa kwanza, na mikono mingine ikafuata.

Nje, watu wakikumbatiana na Maclovia akiwagombeza waliochelewa, Eufrasia alimvuta binti yake pembeni. Akalinyoosha gauni lake, akasimama wima kama mtu aliyeingia ofisini.

"Mwalimu mkuu," akasema, "kuna jambo nilitaka kuuliza siku nyingi. Mwanangu alikuwa anaendeleaje darasani?"

Nereida alimshika mikono yote miwili.

"Alikuwa anaendelea vizuri, Mama," akasema. "Nguo zake zilikuwa zimepigwa pasi kila siku."