Mwiko wa Tanuru, Kila Jumamosi

Kama kuna mwanamke aliyeichukia Jumamosi katika vilima vyote vya Nzilo, basi alikuwa Mianda. Wenzake waliiita siku ya posho kama watu wa mgodini, wakajipaka mafuta, wakakamata kuku wa kuwauzia wazungu. Yeye alinuna tu. Miezi mitano sasa, mumewe hajalala nyumbani!

Kisa ni hiki. Zamani wanaume wa kijiji kile waliyeyusha shaba mara moja tu kwa mwaka, kiangazi, mavuno yakiisha. Anayehudumia tanuru hamgusi mkewe mpaka shaba itiririke. Hulala kambini siku tano, sita, halafu anarudi. Mwiko huo haukumuumiza mtu. Sasa mwaka huo wa hamsini na tano wazungu wa Kolwezi wakapata barabara ya kupandia vilimani, wakaonja utamu wa kutazama, na wakalipa. Kila Jumamosi kamyo mbili zilizojaa wazungu! Tanuru likibomolewa, siku hiyo hiyo linaanza kujengwa jipya, na mwiko unaanza upya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wapi! Wageni walizidi kuja, na wenyeji ndio waliotupa majembe. Mashamba ya mihogo yakaota majani mpaka kiunoni. Unga wakawa wananunua Kolwezi, watu ambao juzi tu walikuwa wakiwauzia hao hao wa Kolwezi.

Hayo yote Mianda angeyameza. Ila mama mkwe wake, Mama Mbuyu, alikwisha kumwambia wazi:

"Miaka mbili, mutoto hakuna. Mvua ikianza, utarudi kwenu. Mwana yangu ataoa mwingine."

"Mama, mutoto atatoka wapi? Mwana yako analala ku tanuru!"

"Hata bwana yangu alilala kule, na nilizaa saba."

Na mawingu yalishaanza kujikusanya.

Jumamosi hiyo Mianda alipeleka maji kambini, na nyuma ya kibanda akaona gunia. Akalifungua. Nyaya! Nyaya za umeme, za shaba, zilizokatwa vipande vipande, za kununuliwa Kolwezi. Kumbe ndizo walizokuwa wakiyeyusha; tangu kiangazi kianze hakuna aliyechimba hata jiwe moja la shaba. Damu ikampanda. Akaliburuta gunia mpaka mbele ya tanuru, mbele ya wazungu na apareyi zao za kupigia picha.

"Tata Mulumba," alimwita mzee wa tanuru, "mi nauliza kitu moja tu. Hii ni kazi ya bankambo, wazee wetu wa zamani, ao ni mchezo? Kama ni kazi, hizi waya zinafanya nini hapa? Kama ni mchezo, mwiko ni wa nini? Munirudishie bwana yangu!"

Mzee Mulumba akatazama gunia, akatazama wazungu, akaanza kukohoa kikohozi cha uongo. Akikiri ni mchezo, nani atapanda kilima tena?

"Banza!" Mianda, machozi yakimtoka, akamgeukia mumewe, aliyekuwa ameshika mivukuto. "Sema weye. Mama yako ananifukuza. Utarudi kwa nyumba leo, ao hapana?"

Banza akafungua kinywa. Lakini mzungu mmoja mnene aliyekuwa akifuta jasho alikwisha kuuliza mwanamke huyu analia nini. Mkalimani wao, Badibanga, karani wa Kolwezi mwenye tai shingoni, akamwinamia Banza.

"Upesi, ndugu. Niwaambie nini?"

Banza akamtazama mkewe. Alimpenda, hilo simnyimi. Kisha akainamisha macho.

"Waambie ni desturi. Bibi ya mutu wa tanuru analiaka vile, toka zamani."

Badibanga akatafsiri, na wazungu wakapiga makofi. Makofi, jamani! Bibi mmoja mwenye kofia pana akajifuta machozi. Yule mnene akasema neno, na Badibanga akakuna kichwa.

"Wanaomba arudie. Eti filimu yao ilikuwa imeisha."

"Rudia kidogo tu, Mianda," Banza akasihi kwa sauti ya chini. "Kidogo tu. Mama nitamwambia kesho."

Hasira yote ikamtoka Mianda, ukabaki uchovu mtupu.

"Rudia weye," alisema. "Mi nilikuwa nalia kweli."

Akajifunga kitambaa chake vizuri, akashika njia ya kwao. Hakuwa amefika hata kwenye kona alipoyasikia makofi tena, maana Badibanga alikuwa amewaambia kwamba huo ndio mwisho wa desturi: mwanamke huondoka.