Kupitia kwa Mkuu

"Mzee Emilian, subiri!" Jenifa wa masjala alimkimbilia hadi getini, viatu mkononi. "Barua yako umeipitisha kwa Masele mwenyewe!"

Emilian akaganda juu ya baiskeli yake.

Siku tatu nyuma, akiwa mkaguzi wa nyama zamu ya asubuhi, alipasua mapafu ya dume moja machinjioni akakuta vivimbe vya kifua kikuu vimejaa usaha. Akaamuru mzoga ufukiwe. Masele, mkuu wa kitengo, kijana anayelingana na mwanawe wa kwanza, akachukua muhuri wa kuidhinisha nyama akaigonga nyama ile kwa mkono wake. Ikaenda buchani, nyingine ikaenda jikoni mwa shule ya bweni. Jana Emilian aliandika taarifa kwa ofisi ya Tabora inayopokea habari za maovu kazini. Na kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili ya kuomba likizo, chini ya anwani akaweka K.K., kupitia kwa Mkuu wa Kitengo. Mzee mzima, jamani! Mkono ulikwenda wenyewe.

"Ipo mezani kwake," Jenifa alisema. "Yuko kikaoni mpaka saa sita. Niichomoe?"

"Umeshaisajili?"

"Nimeshaisajili."

"Basi iache, mwanangu. Usije ukaungua na wewe."

Akapanda basi la saa mbili kwenda Tabora, akaripoti kwa mdomo wake. Baada ya Nzega barabara ilishika kusini, kule kule walikopita wapagazi wa zamani na mizigo ya watu vichwani. Emilian aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi.

Tabora, ofisa aitwaye Consolatha alimsikiliza bila kumkatiza.

"Sheria inakulinda, mzee. Jina lako linabaki humu. Mkuu wako haruhusiwi kukuhamisha wala kukufukuza kwa sababu ya taarifa hii. Akikugusa, unatuambia."

"Jina langu analo tayari."

Akamweleza habari ya K.K. Consolatha akaweka kalamu chini. Saa saba ilikuwa imeshapita.

Simu ya Emilian ikaita.

"Shikamoo, mzee." Alikuwa Masele. Kwa miaka minne hakuwahi kumwamkia.

"Marahaba."

"Barua nimeisoma. Una mwandiko mzuri. Nimekuja kwako tuyaongee kiutu uzima, nimekukosa. Ila mama kanipokea vizuri."

"Mpe simu."

"Baba Shukrani!" Mkewe alikuwa akicheka. "Mkuu wako ana utu jamani! Katuletea nyama kilo tatu, na muhuri inao kabisa."

"Usiipike."

"Heh! Mgeni aondoke na njaa? Ngoja, nitakupigia."

Hakukata. Labda alisahau, akaiweka tu mezani. Consolatha akamsogezea Emilian fomu na kumwonyesha mahali pa kusaini. Akaishika kalamu, simu ikiwa bado sikioni, akaandika jina lake, la baba yake, na la babu yake. Kule nyumbani mafuta yalikuwa yameanza kulia kwenye kikaango, na Masele alikuwa akiuliza watoto hurudi kutoka shule saa ngapi.